Mguu wa Bibi Yako na Dole Gumba Langu

Olasiti, Jumamosi mchana

Neema mwanangu,

Umeenda kusuka, na najua vizuri kwamba hutarudi kabla ya saa kumi na moja, maana yule dada wa saluni akianza habari za ndoa za watu mikono yake husimama. Leo namshukuru. Nina saa nne za kukaa mezani na kuandika jambo ambalo mdomo wangu umeshindwa kulisema. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Jumatano tukichambua mchicha, nikaishia kukuambia kwamba mchicha una mchanga. Mara ya pili ni jana ulipokuwa unapiga pasi sare zako. Nilikaa kitandani kwako nikasema, "Neema." Ukasema, "Abee Mama." Nikasema, "Usiunguze kola."

Kwa hiyo usitegemee hapa habari za kuchemsha maji, kufunga mlango au joto la Dar. Hayo unayajua, na usiyoyajua utaambiwa na majirani, watu wa Dar hawana uvivu wa kusema. Mimi nina jambo moja tu. Barua hii nitakupa mkononi ukirudi, na nakuomba uisome hapa nyumbani kabla hujapanda kwenda kulala kwa Bibi. Najua kesho alfajiri atakubariki, kisha utashuka Usa River kusubiri basi. Usipige magoti mbele yake kabla hujajua nitakachokuandikia. Yeye ameshajua. Nilimwambia juzi, na nitakueleza ilivyokuwa.

Nianzie jikoni, wiki mbili zilizopita.

Ulikuwa umepokea zile karatasi za kazi yako mpya ya Dar, ukaja nazo jikoni ukiwa na furaha mpaka ukakanyaga mkia wa paka. Ukaniambia kitengo chenu kinajaribu dawa ya saratani iliyofungwa ndani ya vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyosafiri kwenye damu mpaka vifike palipo na ugonjwa. Ukasema kazi yako wewe muuguzi ni kukaa na mgonjwa, kumweleza, kumjibu maswali, na kama amekubali, asaini fomu ya ridhaa. Kisha ukasema, "Mama, jifanye mgonjwa, nifanye mazoezi."

Nikakaa kwenye kigoda. Ukanisalimia, "Shikamoo mama," kwa ile sauti yako ya kazini ambayo sikuwahi kuisikia, nikajisikia fahari. Ukasoma: ushiriki wako ni wa hiari. Una haki ya kukataa. Ukikataa hutanyimwa huduma yoyote. Una haki ya kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu. Ukaniangalia usoni ukauliza, "Umeelewa, mama? Una swali?"

Nikasema nimeelewa, nikaenda kutazama maharage. Maharage yalikuwa hayajafika hata nusu saa jikoni. Wewe ukacheka, ukasema mgonjwa gani huyu anayekimbilia sufuria. Halafu ukasema maneno ambayo yameniondolea usingizi tangu siku ile. "Mimi nataka wagonjwa wangu waniamini kama Bibi alivyokuamini wewe."

Sasa sikiliza habari ya mguu wa Bibi kama ilivyokuwa, siyo kama unavyoijua.

Ulikuwa kidato cha pili, uko bweni. Baba yako tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia, kwa hiyo mama yake alibaki mikononi mwangu. Alijikata na jembe juu ya kifundo cha mguu akipalilia kahawa. Hakusema. Alikifunga kidonda kwa kitambaa, akaendelea na shamba lake, na kwa kuwa sukari yake ilikuwa juu na hakuna aliyejua, hakikupona. Nilipokwenda kumsalimia baada ya wiki tano nilisikia harufu kabla sijafika mlangoni. Nesi wa miaka yote ile, na mama mkwe wangu mwenyewe anaoza huko mlimani. Niliona aibu, Neema. Nataka ujue kwamba mambo yote niliyofanya baadaye yalianzia kwenye aibu ile, siyo kwenye huruma peke yake.

Nilimlaza kwenye hospitali niliyokuwa nafanya kazi, kwenye wodi niliyokuwa naiongoza. Jina la hospitali haliongezi kitu, kosa lilikuwa langu. Tulisafisha kidonda siku kumi. Daktari akasema kama wiki ijayo hakijaanza kujaa nyama mpya, mguu ukatwe chini ya goti.

Wakati huo kulikuwa na watafiti pale. Walileta bandeji zilizotiwa chembe za madini ya fedha, yale yale ya pete, ila yamesagwa mpaka yakawa madogo kiasi kwamba hata hadubini ya maabara yetu isingeyaona. Walituita wauguzi kwenye semina, tukala mandazi, tukaoneshwa picha. Chembe zile zinaua vijidudu vya kidonda ambavyo dawa nyingine zimeshindwa. Je, zinaingia kwenye damu? Kidogo, walisema. Zinakaa wapi, na kwa muda gani? Wakasema hilo nalo ndilo wanalolitafuta, na ndiyo maana kila mgonjwa atapimwa damu baada ya miezi mitatu, na tena baada ya mwaka. Mimi nilikuwa msimamizi wao wodini. Funguo za kabati la bandeji nilikuwa nazo mimi, na fomu nilikuwa nazo mimi.

Nilimweleza bibi yako vizuri. Hilo naliapa. Nilikaa kitandani kwake mchana wa saa nane nikamweleza kwa Kimeru changu cha kuolewa, na palipokwama nikasema kwa Kiswahili. Aliuliza maswali ambayo mimi kwenye semina sikuyauliza.

"Vitu hivyo vinaonekana?"

"Havionekani, Mama."

"Vikishamaliza kazi vinatoka?"

Nikamwambia vingine vinatoka, vingine labda vinabaki, wataalamu bado wanaangalia.

Kisha akasema, "Basi hapana. Mwili huu utalala pale kwenye migomba, karibu na babu yake Neema. Sitaki kwenda kwake na mgeni nisiyemjua."

Nikamwambia mguu utakatwa. Nikamwambia, Mama, ukikatwa mguu hutakwenda kwa babu ukiwa mzima pia. Unajua alinijibu nini? Alisema, "Mguu ukikatwa nitajua umekatwa. Nitaangalia chini nione haupo. Huyo mwingine nitamwonea wapi?"

Swali hilo nimelitafutia jibu mpaka leo, na wataalamu wenyewe wakisema kweli watakuambia kwamba hawana jibu kamili.

Kesho yake nilichukua fomu. Yeye alikuwa amelala kwa dawa ya maumivu. Nilisimama kwenye chumba cha dawa, nikajaza jina lake, nikafungua pedi ya wino, nikabonyeza dole gumba. Langu. Nikalipiga kwenye fomu mahali palipoandikwa mshiriki. Nililisafisha kwa spiriti, nikaenda kubadilisha kidonda. Alipoamka akaniuliza, "Umenifunga nini?" Nikasema, "Bandeji ya kawaida, Mama."

Nilimfunga hivyo kwa wiki saba. Kila baada ya siku mbili alikuwa ananiuliza, maana yeye hasahau, na kila baada ya siku mbili nilijibu vile vile. Ukidanganya mara ya kwanza inakuuma. Ya tano unaitikia kama salamu.

Na mguu ukapona, Neema. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Laiti ungeharibika ningejua mahali pa kusimama. Ningelia, ningeungama, watu wangenisema, yakaisha. Lakini siku ya kumi na mbili niliona nyama mpya, nyekundu safi, nikaenda chooni nikalia kwa furaha. Aliondoka wodini akitembea kwa miguu miwili. Wagonjwa waliimba. Wewe ulirudi likizo ukamkuta anapanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe, ukaniambia, "Mama, na mimi nitakuwa nesi."

Unakumbuka ushuhuda wake? Kila sikukuu ya mavuno anasimama kanisani, anainua sketi mpaka hapa, anaonesha kovu, anawaambia watu: waliniletea vitu vyao visivyoonekana, nikavikataa, Bwana akaniponya kwa bandeji ya kawaida na mikono ya mkwe wangu. Usharika mzima unapiga makofi. Wewe hupiga kwa nguvu kuliko wote. Mimi hufungua kitabu cha nyimbo nikatafuta wimbo ambao umeshaimbwa.

Umewahi kunitania kwamba Mama anaona haya akisifiwa.

Je, Bwana hakuponya? Mimi ni mtu wa kusali na sijui nijibu nini. Labda aliponya kwa zile chembe. Labda kidonda kingepona hata bila hizo, kwa kuwa sukari ilishashuka na nilikuwa nakisafisha kama kikombe cha ushirika. Hakuna atakayejua. Kwenye ripoti ya watafiti bibi yako ni mmoja wa waliopona kwa bandeji ile, na wamefurahi naye huko walipo, hawajui kwamba mgonjwa wao hakuwahi kukubali.

Lakini sijafika kwenye baya zaidi. Baada ya miezi mitatu walikuja kutaka damu yake. Ningemtoaje damu bila kumwambia ni ya nini? Nikasema mgonjwa amehamia Kiteto kwa ndugu. Baada ya mwaka wakaja tena, nikasema hivyo hivyo. Wenzake wote wodini walipimwa. Yule mzee wa Ngaramtoni aliyelala kitanda cha jirani alipimwa mara mbili, akaambiwa yuko salama, akarudi kwa ng'ombe wake. Mtu mmoja tu hakupimwa, na ndiye mtu niliyedai nampenda.

Tangu hapo ninatazama kucha zake. Watafiti walisema madini hayo yakizidi mwilini, ngozi na kucha huweza kugeuka rangi ya majivu. Kucha za bibi yako zina rangi ya majivu kidogo. Pia ana miaka themanini na zaidi, analima kwa mikono, na asubuhi za kule juu ni baridi. Siku nyingine naziona nyeusi, siku nyingine naona ni udongo wa kahawa tu. Nimemnunulia brashi ya kucha mara tatu, na mara tatu amecheka akasema mkwe wangu amekuwa mzungu.

Basi, ndivyo ulivyonikuta jikoni ukaniuliza kama nimeelewa.

Nilifikiri sana nikuambie nini kuhusu kazi yako, na nikikuandikia nasaha safi za kubandika ukutani nitakuwa nakudanganya. Ninachojua ni vipande vipande. Najua kwamba watu wetu hawasaini karatasi, wanamsaini mtu. Watakuja kwako wamechoka, wameshauza mbuzi kwa ajili ya nauli, wewe utawaamkia vizuri, utawaletea kiti, na watasema, "Wewe binti nimekuamini, nionyeshe pa kuweka kidole." Wakubwa wako watafurahi. Watasema Neema anajua kuongea na wagonjwa. Siku hiyo mwanangu chukua fomu uirudishe mezani, umwambie mgonjwa akanywe chai kwanza. Ile huruma yako ambayo mimi nimeilea, ambayo naipenda, inaweza kumnyima mtu neno lake bila wewe kuinua sauti. Mimi sikumpigia bibi yako kelele hata siku moja.

Na jizoeze kusema sijui. Mimi miaka yote ya kazi sikuwahi kumwambia mgonjwa sijui. Tulifundishwa tusiwatie hofu. Kwa dawa za zamani ungeweza hata kujitetea, maana nyingi zimetumika muda mrefu na mwisho wake unajulikana. Hivi vitu vyenu vya sasa vinapita mahali ambapo hakuna jicho, na walioviunda wenyewe wanasubiri kuona. Ukimwambia mgonjwa "usijali," unamwambia kitu ambacho huna.

Lakini pia usije ukasema Mama amekataza dawa mpya. Mguu upo. Ungeniona natembea nyuma yake kwenye njia ya kihamba, lile shamba lake la migomba na kahawa, naangalia kisigino kile kinavyokanyaga, ungejua kwamba sijutii kisigino. Hilo nalo ni kweli, na nikilifuta barua hii itakuwa ya mtu mwingine.

Kuna siku utakaa na mgonjwa, umweleze yote kwa uaminifu, aelewe kila neno, akatae. Na atakufa kwa kukataa kwake. Utakuwa umefanya kazi yako vizuri sana, na utarudi chumbani kwako usiweze kula. Utaweza kulibeba hilo? Mimi sikuweza. Nilipofika hapo nilifungua pedi ya wino. Ningependa kukuambia kwamba leo ningefanya tofauti, na nusu ya barua hii nimekaa nikijaribu kuandika sentensi hiyo, nimeikata mara tatu, utaona palipokatwa hapo juu pembeni. Sijui, Neema. Nikiuona mguu ule, sijui.

Sasa juzi.

Nilitoka hapa asubuhi, nikashuka Tengeru, nikachukua boda mpaka mwisho wa barabara, nikapanda kwa miguu. Kabla ya kutoka nilichuma jani la isale pale kwenye ua wetu. Unalijua: kwetu Machame, na hata huku Umeruni wanaliheshimu, ukimkosea mtu unampelekea isale, na aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Nililifunga kwenye leso nikaliweka kwenye pochi. Nilijisikia nafuu kweli. Nilijua hata aseme nini, mwisho wa siku atanisamehe.

Nikiwa karibu kufika, pale kwenye mfereji anapochota maji, nilisimama kupumua, na wazo likanijia likanikalisha kwenye jiwe. Nilikuwa nampelekea tena kitu asichoweza kukikataa. Mimi yule yule, mgonjwa yule yule. Nilikaa pale mpaka mama mmoja aliyepita na ndoo akaniuliza kama naumwa. Nikalitoa jani, nikalichomeka kwenye ua wa nje wa Bibi, nikaingia mikono mitupu.

Alikuwa anamenya ndizi. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia, bila kuruka fomu wala damu wala Kiteto. Alimenya ndizi mbili nzima.

Halafu akauliza, "Kidole kilikuwa cha nani?"

"Changu, Mama."

"Kipi?"

Nikamwonesha. Akakishika, akakisogeza karibu na macho kama anavyokagua mbegu, akakiachia.

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umelala."

"Si ungeniamsha?"

"Ungekataa tena, Mama."

"Ndiyo," akasema. "Ningekataa tena."

Nikaanza kulia. Hakuninyamazisha. Akaendelea na ndizi, kisha akasema, bila hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa na hasira, "Nimesimama mbele ya watu wa Mungu miaka yote hii nikasema uongo wako kwa mdomo wangu."

Nikamwambia nisamehe.

"Hukuleta isale?"

"Nililichuma, Mama. Nimeliacha kwenye ua. Nilitaka uwe na nafasi ya kukataa."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema. Yale macho yake madogo yalikaa usoni kwangu mpaka nikatazama chini.

"Basi nakataa," akasema. "Leo nakataa. Siku nyingine sijui."

Nikasema asante. Sijui kwa nini nilisema asante, lakini ndilo neno lililotoka, na nadhani lilikuwa la kweli.

Akauliza kama vile vitu bado vimo mwilini. Nikasema sijui. Akauliza nani anajua. Nikasema damu yake ingejibu sehemu, na kwamba mimi ndiye niliyezuia isipimwe, na kama anataka tunaweza kwenda kupima hata kesho. Akasema, "Hilo nitaamua mimi. Usinikumbushe." Kisha akavuta kanga akaufunika mguu. Unajua mguu ule ulivyo wa watu wote katika nyumba ile, kila mjukuu anayefika anaugusa. Aliufunika mpaka kwenye vidole, mbele yangu mimi niliyeuosha.

Nilipoinuka kuondoka ndipo akakutaja. "Neema anajua?"

"Hajui."

"Ajue kabla hajapiga magoti hapa. Mtoto amechagua kazi kwa sababu ya mguu huu. Sitambariki akiwa anashukuru kitu asichokijua."

Ndiyo maana nimekaa mezani. Niliposhindwa Jumatano nilitaka uende na furaha yako nzima, nami nikuandikie siku nyingine ukiwa umeshazoea kazi. Yeye amekataa, na mara hii nimemsikiliza.

Unaweza kunikasirikia. Nimekuandalia loshoro, mahindi yameiva na mtindi umeganda vizuri, unaweza kula ukiwa umekasirika, chakula hakina kosa. Unaweza pia kupanda mlimani bila kusema neno na mimi. Nitakusindikiza mpaka barabarani na mzigo, na usiponitaka nitabaki hapa.

Ila mambo mawili nakuomba. Jani lile la isale bado limechomekwa kwenye ua, upande wa kushoto ukiingia. Nakujua, ukiliona utataka kutupatanisha, utalichomoa umpelekee kwa niaba yangu. Usilichukue. Liache linyauke pale pale.

La pili ni mguu. Kila ukifika kwa Bibi unatua mkoba, unachukua kile kikopo cha mafuta dirishani, unakaa chini na kuanza kumpaka kovu kabla hata hujanywa maji. Umefanya hivyo tangu kidato cha pili. Leo usiguse kikopo. Amkia, kaa, mwambie umesoma barua. Kisha muulize kama anataka umpake. Uliza kama ulivyoniuliza mimi jikoni, kwa sauti ile ile, na ukishauliza nyamaza mpaka ajibu.

Akisema hapana, rudisha mikono yako mapajani ukae naye.

Mama yako